Mama fereti na watoto aliowaua

Tangu juzi swali moja haliniachi. Rafiki yangu anayefuga fereti alinipigia simu, sauti imemkauka, akaniuliza: "Mnyama anabeba mimba yake hadi mwisho, anazaa salama, halafu kesho yake anawatafuna wanawe. Kwa nini?" Alikuwa amefungua kisanduku cha kuzalia akakuta watoto wawili tu, nao wamepoa. Nilimjibu niliyoweza. Haya naandika ni yale yaliyobaki, maana jibu alilokuwa nalo mwenyewe, kwamba mnyama yule ana roho mbaya, linamwonea, na tena linafunika kisa chenyewe.

Kwa asiyemfahamu, fereti ni mnyama mdogo, mrefu wa kiwiliwili, wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji. Asili yake ni mnyama mwitu wa Ulaya ambaye watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hasa ili awatimue sungura mashimoni. Jike mzima ana gramu 600 hadi 900 hivi. Mimba yake ni siku 41 au 42, na kwa kawaida huzaa watoto wanane, ingawa anaweza kuzaa mmoja tu au akapita kumi. Kila mtoto huja duniani na gramu kama 10, kipofu, kiziwi, ana vinyweleo vichache tu, na mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Hata haja hawezi kwenda mpaka mama amlambe. Macho yatafunguka karibu wiki ya tano.

Nazishikilia namba hizi kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Mtoto aliyezaliwa na gramu 10 hukaribia gramu 100 akifika wiki ya tatu. Wakiwa wanane, uzito wao wote pamoja unalingana na wa mama yao, na karibu kila gramu imetoka kifuani mwake kama maziwa. Sijui kama tunaofuga wanyama huwa tunaketi kulifikiria hilo. Mwili mdogo kiasi kile, ndani ya wiki tatu, unatoa mwili mwingine mzima. Hata kabla ya kuzaa yuko ukingoni: jike mwenye mimba ya watoto wengi akikosa chakula kwa siku moja tu katika siku za mwisho, mwili huanza kuyachoma mafuta yake kwa kasi ambayo ini haliiwezi, na anaweza kufa na mimba yake tumboni. Anayeingia kwenye uzazi akiwa katika hali ile hana akiba ya kuvumilia chochote.

Jambo la kwanza nililomwambia rafiki yangu ni kwamba yeye hakumwona mama akiua. Aliona mabaki. Mama wa wanyama walao nyama humla mtoto aliyekufa, na ana sababu: mzoga ndani ya kiota unaoza, unanuka, unaita maadui na maradhi kwa walio hai. Hana namna ya kuuzika. Isitoshe, saa chache tu zilizopita alikuwa akila kondo la nyuma la kila mtoto aliyetoka, kwa hiyo kinywa chake kimekwisha kuzoea ladha ya uzazi wake mwenyewe. Alama za meno zinatuambia nani amekula. Hazituambii ni nini kilichoua. Mtoto yule huenda alizaliwa mfu, au alibingirika mbali na wenzake akapoa, au hakuwahi kuifikia chuchu.

Halafu kuna habari ya vitovu, ambayo watu wengi hawaijui na mimi inaniuma kuliko zote. Fereti huzaa haraka, mtoto baada ya mtoto, na kamba za vitovu zinaweza kusokotana zenyewe kwa zenyewe, au zikanasa nyuzi za matandiko, kabla mama hajazikata. Watoto waliofungamana hivyo huvutana kila mmoja upande wake. Hakuna anayefika kwenye titi. Kamba ikikauka inakaza. Mama anapoona fundo lile analitafuna, na anachotafunia ni meno ya mwindaji, ndani ya giza, juu ya miili laini isiyozidi kidole. Anaweza kukata mguu. Anaweza kupasua tumbo. Atakayefungua kisanduku baadaye atasema ameshambulia wanawe. Mimi namwona mkunga aliyenyimwa mkasi.

Lakini wapo wanaouliwa kweli, wakiwa hai na wazima, na sitaki kulipindisha hilo.

Hofu ndiyo naiweka mbele. Siku chache za kwanza baada ya kuzaa, mama fereti huwa kama hana ngozi. Kila kitu kinamgusa. Mfuniko unafunguliwa kila saa ili wageni watazame. Mkono wenye harufu ngeni unamwokota mtoto. Mbwa ananusa kizimba, dume amewekwa jirani, mtu anapiga nyundo ukutani, au kizimba chenyewe kinahamishwa. Kwetu ni shughuli za nyumbani. Kwake ni dalili kwamba kiota kimegunduliwa.

Mnyama mwitu wa jamii yake angefanya nini? Yupo fereti wa mwituni mwenye miguu myeusi, Amerika ya Kaskazini, anayeishi katika mashimo ya "prairie dog", mnyama mchimbaji wa jamii ya kindi. Watu walidhani ametoweka kabisa hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981. Mama wa aina ile asipoliamini shimo lake huwabeba watoto, mmoja mmoja, kwa ngozi ya shingo, akawapeleka shimo jingine. Hiyo ndiyo dawa aliyopewa: kuhama. Sasa mweke katika kizimba chenye kisanduku kimoja. Hofu ipo, shauku ya kuhama ipo, shimo la pili halipo. Mama aliyeshtuka anaweza kuzunguka na mtoto mdomoni, akamweka pembeni, akamrudia, akambeba tena, huku mtoto akizidi kupoa na kulia. Taya zinazombeba mtoto kwa shingo ndizo zinazoua sungura kwa shingo. Kati ya kushika na kuua pana tofauti ya nguvu tu, na mnyama aliyejawa na hofu haipimi nguvu yake. Ninavyoamini, sehemu kubwa ya vifo hivi ni safari iliyokosa mahali pa kufikia.

Maziwa nayo yana kisa chake. Jike huwa na chuchu kama nane; akizaa kumi na wawili wapo watakaosukumwa nje. Cha ajabu, akizaa mmoja au wawili pia ni hatari, kwa sababu kinyonyaji kimoja hakiyaamshi maziwa vya kutosha na yanaweza kukauka. Na likiingia jipu la matiti, titi linakuwa gumu, la moto, wakati mwingine linaanza kuoza ndani ya muda mfupi sana. Hapo kila mtoto anayenyonya anamtia mama maumivu, na maumivu yanajibiwa kwa meno. Huyo si wa kulaumiwa hata kidogo. Ni mgonjwa wa kufikishwa kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Joto kali, ukosefu wa maji na njaa vinaingia humu pia.

Kuna hili la mzazi wa mara ya kwanza, ambalo limenipa mawazo mengi. Sisi tumelelewa na methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tunadhani uchungu ule huja wenyewe, mzima, pamoja na mtoto. Mwaka 1968 watafiti wawili, Terkel na Rosenblatt, walichukua maji ya damu ya panya jike aliyetoka kuzaa wakawadunga panya majike ambao hawajawahi kuzaa. Panya wa namna hiyo kwa kawaida huwakwepa watoto wachanga, au hata huwashambulia. Baada ya sindano ile walianza mapema kuliko kawaida kuwakusanya na kuwalinda watoto ambao si wao. Umama ule ulisafiri ndani ya damu. Homoni za mwisho wa mimba na za uchungu wa kuzaa ndizo zinazougeuza ubongo mpaka kitu kidogo, chenye joto, kinacholia kwa sauti nyembamba kiache kuwa kero au chakula na kiwe mtoto.

Kwa fereti mageuzi hayo ni makubwa zaidi, kwa sababu yeye ni mwindaji hasa. Maisha yake yote kitu kidogo kinacholia na kujinyonganyonga kimekuwa na maana moja. Ndani ya saa chache maana ile inatakiwa ibadilike. Uzazi ukiwa wa shida, mama akiwa mgonjwa au akatishwa katikati ya mageuzi hayo, mabadiliko yanaweza yasikamilike. Mara nyingi jike aliyepoteza watoto wake wa kwanza huwalea wa pili vizuri, na mimi naona hilo linatosha kuiondoa habari ya roho mbaya.

Tena mageuzi yakikamilika, fereti ni mlezi ambaye hamchagui mtoto. Mama mwenye maziwa huwapokea watoto wa jike mwingine bila ugomvi mkubwa. Tarehe 10 Desemba 2020, huko Marekani, fereti wa kufugwa alibebeshwa na akazaliwa kwake mtoto wa spishi nyingine, yule fereti mwenye miguu myeusi, aliyetengenezwa kwa seli zilizogandishwa tangu 1988. Alipewa jina Elizabeth Ann. Namfikiria jike yule ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kumpa sifa: mnyama wa aina ile ile tunayemwita muuaji, ndiye aliyeaminiwa kubeba mtoto wa ukoo unaokaribia kwisha.

Wanasayansi wamebishana sana kuhusu wanyama wanaoua watoto. Miaka ya 1970 Sarah Hrdy aliwachunguza nyani langur huko Mount Abu, India, akapinga wazo kwamba mauaji yale ni wazimu unaoletwa na msongamano. Dume mgeni, alisema, huua watoto wa dume mwingine ili mama yao arudi haraka kwenye joto, yaani hali ya kutaka kupandwa. Hesabu ile haimhusu mama anayeua wa kwake. Yeye hapati chochote ila kuponya mwili wake kwa msimu ujao, pale ambapo kuendelea kulea kungewamaliza wote. Nakubali kwamba msituni jambo hilo lingeweza kuwa na faida. Sikubali kwamba mama anapiga hesabu, na sikubali kuwa kizimbani ndivyo ilivyo, kwa sababu kizimbani chakula kingekuwepo, joto lingekuwepo, utulivu ungekuwepo, kama sisi tungeviweka. Mwitiko wa zamani unafanya kazi mahali ambapo haukutengenezewa.

Kwa hiyo kazi ni yetu, na huanza kabla ya uzazi. Mama ahamishiwe mahali pa kuzalia wiki mbili hivi kabla, apazoee. Kisanduku kiwe cheusi ndani, chenye matandiko laini yasiyotoa nyuzi. Chakula chenye protini na mafuta mengi kisikatike, usiku wala mchana, na maji vilevile. Dume akae mbali. Wageni wasubiri. Siku ya uzazi mtu mmoja tu, ambaye mama anamjua, achungulie mara moja kuona kama kuna vitovu vilivyosokotana, wakati mama ametoka kula, kisha afunge na aondoke. Naona ugumu wa hili: yule yule anayetakiwa asimsumbue ndiye anayetakiwa atazame. Lakini mama aliyemzoea mtu wake tangu zamani atalivumilia jicho moja la haraka. Atakachokataa ni kundi la macho. Na wafugaji makini hupandisha majike wawili kwa wakati mmoja, ili mmoja akishindwa, mwingine apokee. Kuwalea kwa chupa watoto wa siku chache ambao hawakupata maziwa ya fereti ni nadra sana kufanikiwa.

Jana rafiki yangu alinipigia tena. Wale wawili wamekufa. Mama anakula vizuri, titi moja limevimba, na daktari ameanza kumtibu. Akaniuliza kama amzalishe tena, kwa kuwa amesikia jike asipopandwa hufa. Hilo lina ukweli ndani yake: fereti jike haachilii mayai mpaka apandwe, na akibaki kwenye joto muda mrefu homoni ya joto hilo, estrojeni, inaweza kuuharibu uboho wake asitengeneze damu. Ila kuzaa si njia pekee ya kumtoa hapo. Daktari anaweza kumfunga uzazi, au akamchoma sindano ya homoni, au akapandwa na dume aliyekatwa mirija ya mbegu, asiyeweza kumtia mimba. Nilimwambia amwache apone msimu huu, amtibu titi mpaka mwisho, na aamue baadaye kama nyumba yake ina chumba kinachoweza kunyamaza kwa wiki sita. Alisema chumba hicho hana. Basi wamekubaliana na daktari amfunge uzazi akishapata nguvu, na mimi nimefurahi kwamba jike yule atabaki naye, hatauzwa kwa jina la muuaji.