Ikisari ndiyo inayoangusha wengi

Kwenye mashindano ya uandishi wa utafiti wa afya ya jamii, kazi nyingi za wanafunzi hukwama kwenye ikisari, yaani muhtasari mfupi wa utafiti unaowekwa mwanzoni. Iandike mwisho, matokeo yakishatulia. Usiseme "wengi waliugua". Sema, kwa mfano, 45 kati ya 180, yaani asilimia 25, kisha weka mipaka ya makadirio: kwa uhakika wa asilimia 95, takriban asilimia 19 hadi 31.

Kama watu walipimwa mara moja tu, "ilisababisha" ni neno zito mno. Andika "ilihusiana na". Hapo ndipo majaji makini hukunja uso, kuliko hata kwenye sarufi mbovu.

Kibali cha maadili huombwa kabla ya kukusanya data. Na kazi zikisomwa bila majina, futa lako hata kwenye sifa za faili, yaani taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili lenyewe.