Nilivyoacha michoro nikaenda kwenye mota

Mdogo wangu kamaliza uhandisi wa umeme mwaka huu, na tayari ameanza kupewa ushauri uleule niliopewa mimi: "Omba serikalini, tulia, subiri." Mimi nilisubiri karibu mwaka mzima, Tabata kwa mjomba, na mpaka leo nikiukumbuka ule mwaka roho inaniuma.

Kila mtu alikuwa na njia yake. Mjomba alitaka ofisi yenye kiyoyozi. Rafiki yangu wa chuo alisema umeme umepitwa na wakati, nijifunze kuandika programu. Mwalimu wangu alisisitiza shahada ya pili. Hawakunitakia mabaya, ila hakuna aliyeniuliza napenda kushika nini.

Mwishowe nikapata kazi kwenye ofisi ya ushauri wa kihandisi, nikakaa miezi 7. Nilikuwa nachora umeme wa maghorofa: taa hapa, soketi pale. Nikimaliza ghorofa ya tatu, nainakili inakuwa ya nne, naibadilisha kidogo inakuwa ya tano. Jengo moja lilikuwa Mbezi, na siku zote hizo sikuwahi kulitia machoni. Nilipoomba kwenda saiti nikajibiwa kazi yangu ni mchoro. Wapo wanaoipenda kazi hiyo na wanaijua kwelikweli. Mimi ikifika saa nane mchana nilikuwa nahesabu dakika.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta wahandisi na kuwauliza swali moja tu: "Kaka, jana tangu umefika kazini mpaka unatoka, ulifanya nini?" Mshahara ukimuuliza mtu atakuzungusha, lakini jana yake atakueleza. Niliongea na watu 9, wengine kwa soda, wengine tumesimama kwenye mwendokasi. Mmoja siku nzima alikuwa kwenye makaratasi ya manunuzi. Wa minara ya simu alikwenda Mkuranga na kurudi kwa ajili ya jenereta. Anayeuza sola Kariakoo aliongea na wateja toka asubuhi, na alivyokuwa anasimulia nikaona kabisa huyu yuko mahali pake. Wa tisa alikuwa wa kiwandani, Barabara ya Nyerere. Akaniambia, "Dogo, maneno ya nini, njoo Jumamosi uone."

Nikaenda na mita yangu ya kubana waya, ile inayopima umeme unaopita bila kuukata waya. Nikakuta mota ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inazimika kila baada ya dakika chache. Fundi wa zamu, mzee wa watu, alikuwa ameiwasha upya mara tatu na ovalodi, ile kinga inayoizima mota umeme ukizidi, inakata tu, akataka kuipandisha kiwango. Wengine walishasema mota ipelekwe ikasukwe upya nyaya zake za ndani. Nikaomba, "Shikamoo mzee, naomba nipime kwanza." Ikawashwa, nikabana waya mmoja mmoja: ampea 20 kila fezi, yaani kila moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, safi kabisa. Nikabaki nimesimama palepale. Dakika ya sita hivi fezi moja ikashuka hadi sifuri, mbili zilizobaki zikaruka kwenye 35. Kisha, tah! ovalodi ikakata.

Basi mota haikuwa na kosa. Ilikuwa inapoteza fezi moja na kulazimika kukimbia kwa mbili, na ovalodi ndiyo iliyokuwa inaiokoa. Ingepandishwa kiwango, mota ingeungua siku hiyohiyo. Tukazima umeme, tukafunga swichi kwa kufuli, tukapima kuhakikisha hakuna kitu, tukafungua kontakta, swichi ya sumaku inayoiwasha na kuizima mota. Waya mmoja ulikuwa umeungua mpaka mweusi, skrubu yake inazunguka kwa vidole. Ikipata joto, inaachia. Kontakta mpya ilitoka Gerezani, haikufika laki na nusu, na saa kumi kompresa ilikuwa inanguruma. Yule mzee akanishika bega, akasema, "Kijana, umetulia." Sijawahi kupewa sifa tamu kama ile.

Niliacha ofisi mwezi uliofuata, nikahamia kiwandani. Mshahara ulishuka, na mjomba hakunisemesha kwa wiki mbili. Nikajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, nikaingia mafunzo yao ya vitendo ya miaka 3 chini ya mhandisi msimamizi. Hilo usilipuuze hata kama una haraka ya hela, kwani bila usajili sheria haikutambui kuwa mhandisi. Na kila hitilafu uliyotatua iandike jioni ileile, maana ripoti zikidaiwa kumbukumbu zinakuwa zimeshafutika. Mita nayo nunua nzuri. Ya kwanza niliyonunua kwa bei ya chee ilinidanganya wiki nzima.

Mdogo wangu ameshawauliza watu 4 habari za jana yao. Jumamosi hii nakwenda naye kiwandani, na viatu vya usalama nimeshamnunulia, namba 42.