Mkono Juu

Juzi pale Kimara tumeshavuka njia zote nane, tumeshafika kwenye vibanda vya matunda, na mimi bado nimeng'ang'ania kiganja cha binti yangu. Akajaribu kujichomoa. "Baba, mbona hujaniachia? Barabara si imeisha?"

Mnamjua, haachi swali lilale. Nikamnunulia embe, likalala.

Swali lenyewe si geni kwangu. Mwaka 2009 barabara hii ya Morogoro, ukishapita Kimara, ilikuwa na njia mbili tu, ya kwenda Kibaha na ya kuja mjini, pembeni vumbi. Nilikuwa nafundisha darasa la pili. Wiki ya Nenda kwa Usalama ilikuwa imepita, trafiki alikuja na sare yake nyeupe, akaimbisha watoto "kulia, kushoto, kulia tena", akaondoka. Mwalimu mkuu akanigeukia: mazoezi ni ya kwako.

Nikachora barabara uwanjani kwa majivu ya mama wa uji. Watoto wakagawana, hawa magari, hawa wapita njia. Mvulana mmoja akapita mbio katikati ya zebra, akawapangua wenzake wote. Namuuliza kwa nini hakusimama, ananishangaa: "Mwalimu, mimi ni daladala."

Tulicheka sana. Siku ya tatu nikawapeleka barabarani kwenyewe.

Walifanya kila kitu. Walisimama ukingoni, wakaangalia kulia, kushoto, kulia tena, wakanyoosha mikono. Upande wetu pakawa peupe. Upande wa pili likaja lori la mafuta, dereva akasimama, akatupungia tupite. Tukavuka kwa mstari. Wa mbele alikuwa msichana mmoja mdogo, sweta limemfika magotini, mkono mmoja juu, mwingine una kidumu cha maji. Akaiacha lami, akakanyaga vumbi, akashusha mkono.

Nilisikia kokoto kwanza. Daladala iliyokuwa nyuma ya lori ilishindwa kungoja, ikatanua. Ilikuja na pembeni, kwenye vumbi, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimechora majivu. Nikadaka mkono wa sweta, mkono ukarefuka, mtoto akaja nao. Kidumu kikabaki. Kilipasuka paa! na maji yakaruka mpaka kwenye soksi zangu. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni, akanipigia kelele kabla vumbi halijammeza: "We mwalimu, angalia watoto hao!"

Msichana hakulia. Alikitazama kile kidumu kilichokuwa bapa kama chapati, akasema taratibu, "Mwalimu, nilikuwa nimeshavuka."

Ningeweza kumwambia ukweli. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na aliyekosea alikuwa ameshafika karibu na Ubungo. Lakini watoto themanini walikuwa wananitazama, magoti yananicheza, na mwalimu lazima awe na jibu. Nikasema, "Ulishusha mkono mapema."

"Samahani, mwalimu."

Yaliyofuata ni mambo ya barua. Mwalimu mkuu aliandika, serikali ya mtaa ikaandika, matuta yakaja, yakasagika. Mimi niliacha chaki, hilo mnalijua. Baadaye wakaja wapanuzi, Kimara mpaka Kibaha, na siku hizi kuvuka ni safari, ukifika katikati unapumzika kama uko Chalinze. Bodaboda zinakuja kutoka upande wowote zinaoutaka. Wimbo wa trafiki ni uleule.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wake. Sijui anawaambia nini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa zamu getini. Alivuka na dada yake, mkono juu. Akaimaliza lami, mkono juu. Akapita kwenye vumbi, akaingia getini, "shikamoo mwalimu", mkono juu, akakatiza uwanja wote hivyohivyo mpaka mlango wa darasa. Wenzake wakamcheka. Mimi niliinama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.