Kofia ya mchawi ndani ya treni ya Salem

Jumamosi usiku, katikati ya Oktoba

Binti yangu amekataa kuvua kofia. Saa nne usiku hii, amelala, na ncha nyeusi imechomoza juu ya mto kama paa la banda. Nimemwacha. Nimekaa jikoni na chai ya tangawizi, miguu inaniwaka moto, nataka niandike kabla sijasahau.

Tumetoka Salem. Ukiishi Massachusetts, huku Marekani, na una watoto, Oktoba ikibisha hodi swali ni moja tu: mnakwenda Salem, ule mji wa wachawi, kwa ajili ya Halloween? Miaka sita nimejibu hatwendi. Mara tiketi ghali, mara mdogo bado wa kubebwa, mara nina zamu kazini. Mwaka huu visingizio vimeniishia. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo sita, na wenzao wote shuleni washakwenda na kurudi na picha.

Kisha ikaja hiyo kofia. Alikuwa na pesa zake za siku ya kuzaliwa, akanunua kofia ya ncha, joho jeusi na ufagio wa plastiki, akajitokeza sebuleni na kutangaza, "Mama, mimi ni mchawi!" Angesema kwa Kiingereza lingenipita. Lakini alilitamka kwa Kiswahili, na kabla sijajijua nikamwambia shusha sauti, watu watasikia. Watu gani? Tuko Lowell, ghorofa ya tatu, majirani zetu wa pande zote mbili ni Wakambodia.

Nikajaribu kuligeuza liwe mzaha. Nikamwambia mchawi wa kwetu hapandi ufagio, husafiri kwa ungo. Akauliza ungo ni nini. Nikamwonyesha ule niliotundika ukutani. Akautazama kwa makini, akautikisa kidogo, akasema, "Utavunjika, Mama."

Ushauri kwa wanaotaka kwenda, maana najua mtaniuliza: gari liache nyumbani. Mji ule una wakazi elfu arobaini na kitu, na Oktoba peke yake hupokea wageni zaidi ya milioni. Barabara hufungwa, maegesho hujaa mapema, na utamaliza asubuhi yako ukizunguka kama nzi. Sisi tulipanda treni ya Lowell mpaka North Station pale Boston, tukabadilisha, na kutoka hapo ni kama nusu saa. Iko boti pia kutoka Boston, ila mdogo wangu na boti hawapatani. Tulitoka alfajiri, na hata hivyo behewa lilikuwa limejaa. Wanyonya damu watatu, mtawa mwenye ndevu, na baba mmoja mtu mzima aliyevaa vazi la ndizi, anakunywa kahawa na kusoma habari kwenye simu, hana wasiwasi na mtu. Mdogo wangu, ambaye yeye alikuwa simba, alimkazia macho yule ndizi safari nzima.

Ukishuka Salem unaona hawafanyi siri. Magari ya polisi yana nembo ya mchawi juu ya ufagio. Timu za shule ya upili zinaitwa Wachawi. Sherehe zao, Haunted Happenings, zilianza mwaka 1982 na sasa zinakula mwezi mzima. Barabara ya Essex watu wamebanana kama dagaa: mbwa wamevalishwa mabawa ya popo, watoto wachanga wamevishwa maboga, mabibi harusi wenye damu bandia. Donati za moto za maji ya tufaha, hizo nazisifu bila kinyongo. Mchana ni wa familia. Jioni mji hubadilika: matembezi ya usiku na taa za mkononi, hadithi za mizimu, baa zenye foleni mpaka kona ya barabara. Rafiki yangu wa kazini huenda na mumewe kila mwaka, watoto wakibaki kwa nyanya yao, na anasema usiku ndiyo Salem yenyewe. Huenda.

Kilichonichekesha ni wapiga ramli. Wana ofisi, wana bei zilizoandikwa dirishani, wanapokea kadi ya benki. Nikakumbuka vile vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme Mombasa, mganga kutoka Tanga, mapenzi, biashara, kurudisha mali iliyoibwa. Tofauti ni zulia tu.

Hatukukosa la kutukera. Jumba moja la vitisho lilituuzia tiketi, nikauliza mlangoni kama linafaa mtoto wa miaka sita, nikaambiwa bila shaka. Chumba cha pili akatoka jamaa na msumeno wa injini. Simba wangu alipiga ukelele nikadhani ameumia, tukatolewa kwa mlango wa nyuma, na pesa haikurudi. Ukienda na wadogo, usimwulize muuza tiketi. Waulize wazazi wanaotoka, watazame na watoto wao nyuso.

Baada ya hapo nilitaka mahali pa kukaa tu. Karibu na makaburi ya zamani ya mtaa wa Charter, yaliyoanza mwaka 1637, kuna kiwanja kidogo chenye miti na ukuta mfupi wa mawe. Ukutani yamechomoza mabenchi ishirini ya mawe. Niliona mabenchi, sikuona kitu kingine. Nilishaweka begi chini, nafungua chupa ya maji, binti yangu akaanza kusoma yaliyochongwa kwenye jiwe nililokuwa nataka kulikalia.

"Rebecca Nurse. Alinyongwa. Julai 19, 1692."

Kisha akaenda la pili, na la tatu, akisoma kwa sauti ile ya darasani, kofia kichwani. Alinyongwa. Alinyongwa. Mmoja tu alitofautiana, Giles Corey, mzee wa miaka themanini na kitu, aliyekandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Ishirini kwa jumla, bila kuhesabu waliofia jela.

Kichwani nilikuwa najua. Ukiishi jimbo hili, mwaka 1692, mwaka wa kesi za uchawi za Salem, utausikia tu. Nilichokuwa sijui ni jinsi walivyokuwa watu wa kawaida. Nilikaa kwenye ukingo, si kwenye jiwe la mtu, nikamsomea binti yangu kutoka kwenye simu. Rebecca Nurse alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu, mwenye watoto na wajukuu, na sikio lake lilikuwa zito. Majirani 39 walitia saini kumtetea. Jopo la waamuzi likasema hana hatia. Wasichana waliomshtaki wakapiga mayowe mle mahakamani, jaji akawarudisha waamuzi wakafikiri tena. Wakamwuliza bibi afafanue neno alilokuwa amelisema. Hakujibu, maana hakusikia. Ukimya wake ukahesabiwa ushahidi.

"Kwa hiyo hakuwa mchawi," binti yangu akasema.

Hapana.

"Hata mmoja?"

Hata mmoja.

Akageuka kuyatazama mabenchi, na mkono wake ukaenda kwenye ukingo wa kofia. Nikafikiri ataivua. Aliinyoosha tu, ilikuwa imelala upande. Nami nilikuwa na neno mdomoni la kumwamuru avue, nikalimeza. Mle ndani walikuwemo watu wazima kumi na watano wenye kofia kama yake, wengine wamekalia mawe wakila viazi vya kukaanga. Ningeanzia wapi?

Benchi la Sarah Good sikulieleza. Huyo alikuwa mama maskini wa kuombaomba, na binti yake wa miaka minne au mitano aliwekwa jela kwa minyororo. Simba wangu alikuwa anaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Nilimwacha aruke.

Mambo haya yote, tena, hayana uhusiano wowote na Halloween. Wapuritani, Wakristo wale wa msimamo mkali waliowanyonga hawa, hawakusherehekea hata Krismasi, sembuse maboga. Walinyongwa kiangazi mpaka Septemba, na ilipofika mwisho wa Oktoba gavana alikuwa anaivunja ile mahakama. Halloween ililetwa Marekani baadaye na wahamiaji wa Ayalandi na Skotilandi. Mji umeunganisha viwili hivyo kwa sababu neno ni moja, na neno hilo linauza tiketi.

Sasa niandike lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu juu.

Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Hawe, alikuwa wa Kaloleni, Kilifi, pwani ya Kenya. Alikuwa na mvi mapema, kichwa cheupe kama pamba, na alikuwa na shamba la minazi aliloachiwa na babu. Wapwa wa babu walilitaka. Miaka miwili walilitaka kwa maneno matamu. Mwaka wa tatu mtoto wa boma la jirani akafa kwa homa, na ndani ya wiki moja jina la Hawe likatupwa: mchawi. Hakuna aliyesema shamba. Walisema mvi, walisema anaongea peke yake usiku. Alikuwa anasali.

Mama yangu alimtuma mjomba akamtoe. Alifika Mombasa alfajiri na leso mbili, hando lake la kuvaa na kibuyu. Kitu cha kwanza mama alichofanya, kabla ya chai, ni kumpaka piko. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mimi ndiye niliyeshika bakuli. Nakumbuka harufu, na maji meusi yakimtiririka shingoni, na mama akisema kwa sauti ya chini tulia, tulia, kama anavyomwambia mtoto. Tulipompa kioo Hawe alicheka. Akasema amerudi kuwa mwari.

Hakurudi Kaloleni akiwa hai. Alikufa kwa uzee, kitandani, miaka tisa baadaye, na kila mwezi katika miaka hiyo alipakwa piko. Hata mjini. Hata ndani ya nyumba yetu.

Huko Kilifi hadi leo wazee wanauawa kwa neno hilo hilo, na mara nyingi ukichimba chini yake unakuta shamba. Wapo wanaopaka nywele rangi kama Hawe. Ganze, pale Kaya Godoma, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Usukumani Tanzania ishara ilikuwa macho mekundu, macho yaliyoliwa na moshi wa miaka mingi ya kupika. Na jamaa ya Rebecca Nurse nayo ilikuwa na ugomvi wa mipaka ya ardhi na majirani. Nilipolisoma hilo nimekaa pale ukingoni niliifunga simu nikaiweka ndani ya begi.

Tulikwenda kula ufukweni, kwenye gati refu la Derby. Nilikuwa nimebeba chapati zilizokunjwa na mayai, na upepo wa bahari ulikuwa mkali lakini safi. Hapo kuna bango kuhusu biashara ya zamani ya mji, na mimi kwa mabango ni mateka, sipiti bila kusoma, kisha jioni nikaendelea kuchimba. Meli za Salem zilikuwa zikienda Unguja. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale, mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara kutoka mji huu huu. Walirudi na pembe za ndovu na sandarusi, na walichopeleka zaidi ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, mpaka kwetu kitambaa hicho kikaitwa marekani. Hando la Hawe lilikuwa la marekani, lenye marinda mengi, jeupe. Nimeishi Lowell miaka yote hii, napita kila asubuhi mbele ya majengo ya matofali ya viwanda vya pamba kwenda kupanda basi, na haikunijia hata siku moja.

Saa nane mchana tulikuwa ndani ya treni ya kurudi, kabla umati wa jioni haujaanza kuingia. Mdogo alilala, mkia wa simba umeninasa mkononi. Mkubwa alikaa dirishani na kofia yake. Nikampigia mama yangu, kule ilikuwa saa tatu usiku na alikuwa bado macho. Nikamwambia tumetoka matembezi, kuna sikukuu ya watoto huku, wanavaa mavazi na kupewa peremende. Anaijua kidogo, ameiona kwenye televisheni.

"Huyo mdogo amevaa nini?"

"Simba."

Akacheka. "Na mkubwa?"

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amegeuka, ananisikiliza.

"Joho jeusi," nikasema. "Na kofia."

"Kama jaji?"

"Ndiyo, Mama. Kama jaji."