Siku moja maishani mwangu: mgeni katika usalama wa programu huria

Watu wakisikia kwamba ninashughulikia usalama wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, wengi hudhani kwamba ninadukua akaunti za wenzangu. Kazi yenyewe ni kusoma msimbo (maagizo ya programu) ulioandikwa na wengine, kuhakiki taarifa za udhaifu na kusaidia kuuziba kabla wahalifu hawajautumia. Siku za wiki ninatengeneza tovuti kwa mshahara; Jumamosi ninajitolea katika maktaba moja ndogo ya kusoma faili za picha, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia badala ya kuandika wao.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipakua mabadiliko mapya, nikaendesha majaribio yote, yakapita. Hadi saa tatu nilikuwa nikilinganisha matoleo ya maktaba tunazozitegemea na CVE, orodha ya umma ya udhaifu uliokwisha kugunduliwa, kwa kuwa udhaifu wa Log4j, maktaba ya kurekodi matukio ya programu, wa Desemba 2021 uliwakumba hata waliokuwa hawajui kwamba programu zao zinaitumia.

Ndipo mtunzaji wa mradi aliponiomba nihakiki ripoti iliyoletwa kwa faragha, iliyodai kwa herufi kubwa kwamba mshambuliaji anaweza kusoma kumbukumbu ya kompyuta nje ya mipaka, yaani sehemu ambayo programu haikupaswa kuigusa. Dai hilo halipuuzwi na yeyote anayeukumbuka udhaifu wa Heartbleed wa 2014, ambapo OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, iliuamini urefu uliotajwa na upande wa pili bila kuuhakiki, ikawa inatoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa kila ombi, pengine zikiwa na nywila ndani yake. Ripoti haikuwa na faili ya mfano, kwa hiyo niliunda yangu: picha ambayo kichwa chake, yaani maelezo ya mwanzoni mwa faili, kinadai baiti elfu sitini ilhali ndani mna kumi tu. Niliijenga maktaba pamoja na AddressSanitizer, zana inayoisimamisha programu pindi inaposoma pasipo pake, nikaendesha. Faili ilikataliwa, na zana haikuona kosa lolote.

Nikaufuata msimbo mstari kwa mstari. Mstari uliotajwa ulikuwa ukinakili baiti kweli, lakini juu yake kidogo kulikuwa na sharti linalolinganisha urefu unaodaiwa na baiti zilizobaki. Nilimwomba mleta taarifa mfano. Jibu lake, lililoonekana kuandikwa na mashine, lilirudia dai lilelile kwa maneno mengine. Inaudhi sana, kwa sababu dai la dakika moja linakula siku nzima ya mtu anayejitolea. Hata hivyo sikuwa tayari kulikataa kwa kukisia, nikajaribu urefu wa sifuri, kisha ule mkubwa kuliko wote, nione kama hesabu itafurika, yaani kuzidi nafasi iliyotengewa namba. Haikufurika. Adhuhuri ilipita, chakula kikapoa mezani, macho yakaniuma.

Alasiri niliandika jibu la heshima lenye ushahidi wote, kisha nikaziingiza faili zangu katika majaribio ya kudumu ili siku mtu akiliondoa sharti lile ajulikane papo hapo. Ninajivunia sana mchango huo.

Sina ruhusa ya kuuingiza mwenyewe, na utaratibu huo ninauunga mkono kwa dhati: mwaka 2024 iligundulika kwamba mchangiaji aliyeaminiwa katika mradi wa xz, programu ya kubana faili, alikuwa amepachika njia ya siri ya kuingilia, na mhandisi wa programu Andres Freund aliibaini baada ya kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Usiku mtunzaji aliniomba nibadilishe jina la jaribio moja. Nimelibadilisha, na sasa ninasubiri alisome tena.