Msimu wa bakuli

Jioni za wiki hii mazungumzo ya kijiweni kwetu Tabata yamerudi kwenye jambo lile lile, fedha za klabu ya soka ya Simba. Vijana wa Yanga, ambao ni wenzangu kwa rangi, humsubiri kila mtani anayepita na kumuuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Bilioni 20 ziko wapi?" yaani zile shilingi ambazo mwekezaji wao aliahidi kuiwekea klabu. Anayeulizwa hana kiti kwenye bodi wala hajui lolote kuhusu akaunti za klabu, ni fundi wa kuchomelea mageti ambaye anaipenda timu yake kama sisi tunavyoipenda yetu. Naye hujibu kwa jibu lililozoeleka, kwamba kabla ya GSM, kampuni inayotufadhili, sisi tulikuwa tunatembeza bakuli, yaani tukichangisha watu ili timu iishi. Kicheko huenda huku na kurudi kule, kisha kahawa inaendelea. Nimelitafakari jambo hili kwa siku kadhaa, na ninaliandika kwa sababu naamini kwamba katika kejeli hizo mbili sisi mashabiki tumepindua mambo: tunauonea haya msimu pekee ambao klabu ililishwa na wanachama na mashabiki wake, na tunajivunia misimu ambayo ililishwa na mfuko wa mtu mmoja.

Kwa wasioikumbuka habari yenyewe, Yanga ya katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa Yanga ya Yusuf Manji. Alianza kama mfadhili, akachaguliwa mwenyekiti mwaka 2012, na chini yake tukatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2016/17. Wakati ule sisi ndio tuliokuwa na maneno mengi. Tulijiita wa kimataifa, na Simba, ambao hawakuwa wakishiriki mashindano ya Afrika, tukawaita wa mchangani. Mwaka 2016 Manji alipopendekeza kuikodi timu na nembo kwa miaka kumi, yeye achukue asilimia 75 ya faida na klabu ibaki na 25, wanachama wengi walishangilia. Sikumsikia mtu kijiweni akiuliza ni nini kingetokea siku ambayo tajiri angechoka, au angeugua, au angekuwa na mambo yake mengine ya kushughulikia.

Siku hiyo ilifika Mei 2017, alipoandika barua ya kujiuzulu. Kwa muda mrefu baada ya hapo baadhi ya wanachama waligoma kuipokea barua hiyo, na hata katika mkutano wa mwaka uliofuata bado waliimba jina lake kama vile kiti chake kilikuwa kinamsubiri. Ninawaelewa. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 ilikuwa imefundishwa kumtegemea mtu mmoja kiasi kwamba kuondoka kwake kulionekana kama kifo. Mishahara ikaanza kuchelewa, wachezaji wakagomea mazoezi, na wengine wakaondoka mmoja baada ya mwingine; Haruna Niyonzima alivuka barabara akaenda Msimbazi, makao ya Simba, na Donald Ngoma akaenda Azam. Msimu wa 2017/18 tulimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Simba na Azam, huku watani wakinyakua ubingwa waliokuwa wameukosa kwa miaka kadhaa.

Ndipo akaja kocha Mwinyi Zahera kutoka Kongo, na ndipo bakuli lilipoanza kutembea. Msimu wa 2018/19 hata ligi yenyewe, iliyokuwa na timu 20, ilianza bila mdhamini mkuu, kwa hiyo hapakuwa na fungu kubwa la kutegemea kutoka kokote. Kocha, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga mabeki na viungo, alisimama mbele ya waandishi akasema wazi kwamba wachezaji wake wanacheza bila kulipwa, akawataka wanachama na mashabiki wachange. Namba za kuchangia kwa simu zikasambazwa. Mechi za mikoani zikawa na zoezi la kupokea michango kutoka kwa watu waliokuja kuiona timu. Kwa watani ilikuwa karamu. Walituita ombaomba, wakatuuliza kama hela ya nauli imetimia, na kijiweni kwetu kuna mmoja aliweka bakuli la plastiki la bluu juu ya benchi, akatia sarafu ya shilingi 50 ndani yake na kulitikisa kila Mwanayanga alipokaribia.

Lakini niliona pia jambo lingine, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko lile bakuli la bluu. Kwenye kibanda cha wakala wa fedha karibu na kituo cha daladala alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu, mwanachama wa tangu enzi za mgawanyiko wa Yanga wa mwaka 1976 uliozaa klabu ya Pan African. Alikuwa amevaa kanzu, na kadi yake ya uanachama aliihifadhi ndani ya mfuko mdogo wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Alimwomba binti wa kibandani amsaidie kuandika namba kwa sababu macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo za simu. Alituma shilingi elfu tano. Binti alipomweleza kwamba kuna makato ya kutuma, mzee alitoa sarafu nyingine mfukoni ili klabu ipate elfu tano kamili, si pungufu yake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia maneno machache tu: "Mwanangu, timu hii ni yetu, tusiiache." Nami nilituma changu palepale, nikiwa nyuma yake.

Ninapomsikia mtu akitamka neno bakuli kwa kejeli, hupata taabu kucheka, kwa sababu namwona yule mzee. Kwa mujibu wa katiba za klabu zetu, kabla mambo ya hisa hayajaingia, yeye ndiye aliyekuwa mwenye mali. Simba na Yanga hazikuanzishwa na matajiri. Zilianzishwa na watu wa Kariakoo na mitaa ya jirani. Mwenye nyumba akitoa fedha zake kuezeka paa lake, hakuna jirani anayemwita ombaomba. Katika msimu ule wa bakuli Yanga ilimaliza ya pili, ikiwafukuzia mabingwa Simba waliokuwa wakifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa kikosi kilichokuwa kikicheza bila uhakika wa mshahara, ninauhesabu msimu ule miongoni mwa misimu ya heshima kubwa tuliyowahi kuwa nayo, ingawa haukuleta kombe la ligi.

Sasa nirudi kwa watani, kwa sababu vijana wangu wa kijiweni nao wanastahili kuambiwa. Desemba 2017 wanachama wa Simba walitangaziwa kuwa mfanyabiashara Mohammed Dewji, maarufu kama Mo, ndiye mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Serikali nayo ilikuwa imeweka utaratibu kwamba katika klabu za wanachama, wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji usizidi asilimia 49. Tangu hapo kukawa na subira ndefu ya taratibu, barua na vikao, hadi Julai 2021 Mo alipoonyesha hundi ya bilioni 20 mbele ya waandishi. Katika kipindi hicho chote yeye ndiye aliyekuwa akigharimia mishahara na usajili, na Simba wakatwaa ubingwa mara nne mfululizo. Sina sababu ya kuukana mchango wake. Ninachokisema ni kwamba mwanachama wa kawaida wa Msimbazi alikuwa na haki ya kuuliza kuhusu zile bilioni 20 kwa upole na kujibiwa kwa maandishi. Badala yake swali lake likachukuliwa na sisi wapinzani, tukaligeuza wimbo wa kumzomea. Matokeo yake ni kwamba kila mwana Simba anayeuliza leo anaonekana anatumiwa na Yanga, na hivyo ananyamaza. Hilo linaniuma kwa dhati, kwa kuwa kejeli yetu imewasaidia viongozi wasiulizwe na watu wao wenyewe.

Na tukumbuke Januari 2020. Simba walifungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, na usiku huohuo Mo akaandika mtandaoni kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi. Haukupita muda mrefu akabadili kauli na kubaki. Sisi tulicheka hadi tukachoka. Nyani haoni kundule, kwani tulichokuwa tunakicheka ni kile kile kilichotukuta Mei 2017: klabu yenye mamilioni ya wapenzi ikitetemeka nzima kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja. Leo hii tuna GSM, tulichagua rais wa klabu Julai 2022, tumecheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 tukaikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger, na tumerudisha ubingwa wa ligi Jangwani, makao yetu, kwa misimu kadhaa mfululizo. Nafurahia kila kombe. Hata hivyo ningependa mtu anioneshe ni kwa namna gani tuko salama zaidi kuliko tulivyokuwa mwaka 2016, tulipokuwa tunajiita wa kimataifa.

Fedha za mpira wetu zimeongezeka, hilo halina ubishi. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021 ni wa miaka kumi na una thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ligi yote. Lakini mapato hayo yanagawanywa kwa timu nyingi, na mishahara ya nyota wa kigeni wanaosajiliwa na klabu hizi mbili imepanda kwa kasi. Ndiyo maana pengo huzibwa na tajiri, na tajiri akichelewa, wa kwanza kulala njaa si yeye. Ni kijana wa timu ya vijana anayeishi chumba cha kupanga, ni mtunza vifaa, ni mama anayewapikia wachezaji kambini. Klabu zote mbili zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ambayo hayakulipwa kwa wakati, na kila mara upande wa pili ulisherehekea. Nyuma ya madai ya namna hiyo mara nyingi yupo mchezaji aliyetumikia mkataba wake, akaumia au akaachwa, na akalazimika kwenda hadi Uswisi kudai ujira wake. Sioni ni wapi hapo palipo na pa kuchekea.

Shemeji yangu, ambaye ni Simba wa kufa na kuzikana, ananiambia kwamba ninaua utani, na kwamba bila kejeli derby ya Kariakoo itakuwa mechi kama nyingine. Ninamheshimu, lakini sikubaliani naye katika hili. Utani wa kweli una mipaka ambayo wazee waliijua bila kuandikiwa. Mtani anaweza kukutania msibani, akakuzuia usizike hadi umlipe, lakini ndiye huyo huyo anayechimba kaburi na kubeba maji. Utani wa kuitwa vyura kwa sababu klabu yetu iko bondeni na mvua ikinyesha uwanja wa Kaunda hujaa maji, huo naupokea na ninautafutia majibu. Wa mabao matano kwa moja tuliyowafunga Simba Novemba 2023 nitautumia mimi mwenyewe hadi nizeeke, na shemeji analijua hilo. Ila mtu kukosa mshahara miezi mitatu, hilo si jambo la rangi. Watani wa kweli wangeuliza pamoja nasi fedha zimekwenda wapi, kwa kuwa jibu likipatikana upande mmoja, upande wa pili nao utalidai.

Nimewaambia vijana wa kijiweni kwamba swali la bilioni 20 si baya, ila limeelekezwa kwa mtu asiye na jibu. Fundi wa mageti hakusaini chochote. Waliosaini wana ofisi, wana siku za mikutano mikuu, na sheria inawataka wawasomee wanachama mapato na matumizi. Mmoja wao, kijana mwenye akili nyingi na ulimi mkali, alinijibu kwamba hayo ni ya Simba na wao ndio wayaulize. Nikamuuliza yeye ana kadi ya Yanga. Hana. Anayo jezi ya msimu huu na ya msimu uliopita, anajua majina ya wachezaji wa akiba hadi yule wa mwisho, lakini hajawahi kulipa ada hata mara moja, kwa hiyo hana kura na hana haki ya kunyoosha mkono ukumbini. Tumekubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda pamoja tawini ajiandikishe. Ameshaanza kuniuliza ni lini mkutano mkuu, na kama mwanachama mpya anaruhusiwa kuomba kuiona taarifa ya wakaguzi. Nimemwambia aombe, na nitakaa karibu naye siku hiyo.