Freti ngapi zatosha kwa besi? Angalia zile ulizozila

Chukua besi yoyote nzee, yani gitaa la besi, iliyofanya kazi Mombasa, ya bendi ya hoteli ama ya kanisa, ishike shingo uielekeze dirishani mwanga upite juu ya freti, vile vijichuma vilivyolala kukatiza shingo. Freti ya 1 mpaka ya 7 hivi zina vijishimo chini ya nyuzi, chuma kimelika mpaka ukipitisha kucha inakwama. Ukifika ya 9, ya 10, vishimo vinaanza kupungua, ya 12 utaona alama kidogo maana pale watu wanapatafuta kwa oktava, noti ile ile ya uzi wazi ikirudi juu, alafu kuanzia 15 kwenda juu freti ziko vile zilivyotoka kiwandani, labda zimefubaa tu kwa hii hewa yetu ya bahari lakini hakuna uzi ulioziuma. Mimi hiyo ndio kitu naangalia kwanza mtu akiniuliza anunue besi ya freti ngapi, simwangalii yeye wala YouTube yake, naangalia freti za besi aliyonayo, kwa sababu zile hazidanganyi, zinaonyesha mkono wake unaishi wapi.

Na swali naulizwa sana siku hizi. Juzi kijana mmoja wa upande wa Kisauni ameniandikia, "Ami shikamoo, nimeweka pesa kidogo nataka besi mpya, nichukue ya 20 ama ya 24?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, kwanza niambie wapiga nini na wapiga wapi." Akaniuliza hiyo inahusiana vipi na freti. Inahusiana sana, na jibu langu lilikuwa refu mno kwa meseji, basi nimeona niliandike hapa vizuri na wengine wasome.

Hesabu kwanza, maana hapa ndio watu wengi hawajakaa kufikiria. Besi ya nyuzi 4 imetuniwa E, A, D, G. Ukiwa na freti 20, noti ya juu kabisa ni Mi bemoli, E flati, kwa uzi wa G. Ukiwa na 24 unafika G. Sasa hesabu zile freti 4 za ziada mara nyuzi 4, waona umepata sehemu 16 mpya za kubonyeza, raha sana, lakini noti mpya ambazo hukuwa nazo ni ngapi? Ni 4 tu. E, F, F shapu na G, basi. Zile nyingine 12 zote ulikuwa nazo tayari kwengine, kwa mfano freti ya 24 ya uzi wa D ni ile ile D ya freti ya 19 kwa uzi wa G. Tena huko juu kwa uzi wa E na wa A sauti inakuwa nzito bila umbo, uzi mnene umefupishwa sana hauna nafasi ya kutikisika, utazipiga nani azisikie. Kwa hivyo mtu akikwambia 24 ni nyingi kuliko 20 mwambie ni kweli, kwa noti 4.

Alafu kuna hii ya 21 ambayo mimi naipenda kwa dhati na watu wanaipita tu. Ile freti moja ya ziada inakupa E ya juu, na kwa kuwa uzi wako mnene ukiachwa wazi ni E, hapo umepata oktava 3 kamili, kutoka E ya chini ya hezi 41 mpaka E ya juu, hakuna kilichobaki nje. Na hiyo E ya freti ya 21 kwa uzi wa G ndio E ile ile ya uzi mwembamba wa gitaa la kawaida ukipigwa wazi. Hebu fikiria maana yake, ukiwa freti ya 21 ushaingia nyumbani kwa mpiga solo. Hata kabla ya hapo, freti ya 17 kwa uzi wa G ni C ya katikati ya kinanda, yani kutoka pale kwenda juu uko kwa mkono wa kulia wa mpiga kinanda, uko kwa waimbaji, na huku chini hakuna mtu, ngoma imebaki peke yake. Kwa bendi ya watu wanne kwa jukwaa la hoteli besi ikipanda huko kwa muda mrefu wimbo unatoboka, hata wale wageni ambao hawajui muziki wanaacha kucheza bila kujua kwa nini.

Historia nayo yasaidia. Leo Fender, yule mtengeneza magitaa wa Marekani, alipotoa Precision Bass mwaka wa 1951 aliiwekea freti 20 na nyuzi za inchi 34 kutoka kile kijipande cha juu mpaka brij, pale nyuzi zinapokalia kwa bodi, na Jazz Bass ya 1960 ikafuata vile vile, 20. Mpiga besi James Jamerson alifanya kazi kubwa ya Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, kwa Precision ya 1962 na hizo 20 zilimtosha. Marcus Miller na Jazz Bass yake ya 1977, slapu yote ile, kule kugonga na kuvuta nyuzi, solo zote zile, 20. Sisemi kwamba 24 ni upuzi, Victor Wooten anapiga besi ya Fodera ya 24 na huwezi kumwambia kitu, nasema tu kwamba 20 haijawahi kumzuia mtu kuwa mpigaji mkubwa.

Sasa kuna dhana moja naisikia sana, eti besi ya freti nyingi ina shingo ndefu kwa hivyo sauti yake ni nzito zaidi. Sivyo. Besi nyingi sana, ziwe za 20, za 21 ama za 24, nyuzi zake ni zile zile inchi 34. Freti za ziada haziongezwi kule juu kwa funguo za kutuni, zinaongezwa upande wa bodi, zinakula ile nafasi wazi kati ya mwisho wa ubao wa shingo na pikapu ya mbele, kile kifaa kinachoshika sauti ya nyuzi. Nimechukua tepu ya fundi nguo nikapima, na hesabu yenyewe inakubali, kwa nyuzi za inchi 34 kutoka freti ya 20 mpaka ya 24 ni kama milimita 56. Sentimeta tano na nusu! Na hapo ndipo wapiga slapu wanapumulia. Dole gumba linapenda kugonga pale ubao unapoishia, na kidole kinachovuta uzi kinataka shimo la kuingia chini yake. Kwa besi ya 24 kidole kinakuta ubao, hakiingii vizuri, mtu anajikuta anagonga juu ya freti zenyewe ama anasogea karibu na pikapu ambako uzi ni mgumu zaidi na sauti inakuwa nyembamba. Wako waliozoea, na mkono wafundishika, lakini kama wewe slapu ndio chakula chako basi nenda ukaishike besi ya 24 mkononi kabla hujatoa pesa.

Na hizo freti za juu ni nyembamba. Nafasi ya freti ya 1 ni karibu milimita 48 na nusu, ile kati ya 23 na 24 ni kama milimita 13. Kidole changu cha kati kikikaa pale kimejaa, hakuna pa kugeuka, na kama una vidole vinene vya kazi ya mikono utakuwa unabonyeza freti yenyewe.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa kuliko hesabu ni kufika. Kuna besi ya freti 22 ambayo ukienda ya 18 kiganja kinagonga bodi, pale shingo inapofungwa na skurubu pana kona nene ya mbao, mkono unakunjika na kidole kidogo kinabaki nje kinanyoosha. Na kuna ya 20 ambayo bodi imekatwa vizuri unafika ya mwisho bila kuhisi. Sasa ya 22 hapo imekufaidi nini? Ndio maana namwambia kila mtu, ukiwa dukani usikae kwenye kiti, omba mkanda, simama, iache besi ining'inie pale inapokaa ukiwa kazini, alafu peleka mkono freti ya mwisho ukiwa unamwangalia muuzaji usoni, sio unaangalia shingo. Kama bega limeinuka ama mkono wako umeisukuma besi nzima pembeni, hizo freti za juu huzimiliki hata kama umezilipia.

Tukirudi kwa kazi za huku kwetu. Ukipiga bango, ule muziki wa pwani tuliopewa na Mzee Joseph Ngala, ama chakacha, ama zile rumba za kila Jumamosi, mkono wako unaishi freti ya 1 mpaka ya 12. Wimbo uko C, chodi C, F na G, mizizi yote ya chini, zile noti chodi zinapojengwa, iko kabla ya freti ya 5. Sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, ikiingia unaruka oktava, A ya freti ya 5 kwa uzi wa E na A ya freti ya 7 kwa uzi wa D, utamu wote uko kwa kuruka na kunyamaza pahali pake, sio kwa kupanda. Kwa kazi hii 20 yakutosha na kubaki.

Kanisani ndio hadithi nyingine, na hapa nataka vijana wanisikilize. Wapiga kinanda wetu wanapenda sana flati, E flati, A flati, D flati, na mwenye kuongoza sifa akipandishwa roho anataka key ipande nusu noti, tena nusu noti. Wewe na besi yako ya nyuzi 4 ukitaka E flati ya chini kabisa huna, uzi wako unaishia E, nusu noti tu juu yake, unalazimika kupiga ile ya freti ya 6 kwa uzi wa A na wimbo unapoteza tumbo. Kwa hivyo kwa kanisa pesa zako ziende kwa uzi wa 5 kabla hujafikiria freti. Uzi wa B unakupa E flati kwa freti ya 4, D kwa freti ya 3, na kiti kizima cha kanisa kinatetemeka. Hilo ndilo nililomjibu yule kijana, nilipojua Jumapili yuko kanisani na siku za kazi yuko na bendi, kwamba atafute ya nyuzi 5, freti 21 ama 22, hiyo 24 ikija nayo sawa isipokuja asilie.

Na wa taarabu? Udi hauna freti hata moja. Marehemu Zein l'Abdin alikaa mji huu huu akapiga udi mpaka ukaongea, na maqam, zile skeli za Kiarabu, kama rasti na bayati zina noti ambazo zinakaa katikati ya freti, haziko kwa ya 3 wala kwa ya 4. Mpiga besi anayetaka kumfuata mpiga udi ama fidla kwa karibu, mimi ningemwambia afikirie besi isiyo na freti kabisa, ile ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliionyesha dunia kwa Jazz Bass iliyong'olewa freti. Yataka sikio na mazoezi ya kila siku, lakini kwa taarabu swali la 20 ama 24 linakwisha pale pale.

Basi nani anahitaji 24? Anayepiga melodi kwa besi, anayepiga chodi za juu huku E inalia wazi chini, anayegonga nyuzi kwa mikono miwili, wa jazi na gospeli ya solo. Anataka oktava 2 kamili kwa kila uzi ili umbo la skeli alilojifunza chini alirudie juu bila kukatika, na hiyo ni sababu nzuri kabisa. Ibanez SR na Yamaha TRBX zinatoka na 24 na si za tajiri peke yake. Ila kabla hujaenda, jaribu hii leo kwa besi uliyonayo, gusa tu uzi wa G juu ya freti ya 5 bila kubonyeza, piga, ile harmoniki unayoisikia ni G ile ile ya freti ya 24. Freti ya 7 ukigusa hivo hivo unapata D yake. Kwa kumalizia wimbo wa polepole noti hizo mbili zatosha, tena zinalia tamu kuliko za kubonyeza.

Kitu cha mwisho kwa wanaonunua iliyotumika, na huku wengi wetu ndio twanunua hizo. Unyevu wa pwani unacheza na mbao, na sehemu inayoonyesha mapema ni pale shingo inapoingia kwa bodi, inainuka kidogo, na freti zinazoumia ni hizo hizo za juu unazozilipia. Bonyeza moja moja kutoka 12 mpaka ya mwisho, uzi kwa uzi, piga kwa nguvu ya kawaida, usiwe na haraka hata kama muuzaji anaangalia saa. Ikiwa 16 na 17 zalia sawa zinatoa noti moja, au 19 inazomea, kuna kazi ya fundi pale, freti zitasawazishwa ama shingo itafunguliwa, na hiyo gharama itoe kwa bei kabla hujafungua pochi.